Tarehe ilitangulia mchoro: kisa cha mto Cheonggyecheon

Tarehe 1 Julai 2003, katikati ya jiji la Seoul, barabara ya juu yenye urefu wa karibu kilomita 6 ilifungwa na mafundi wakaanza kuikata vipande. Miezi 27 baadaye, tarehe 1 Oktoba 2005, mahali pale palikuwa na mto wazi, madaraja 22 yakiuvuka, na watu wamekaa kwenye mawe ya kingo wamevua viatu. Ukikumbuka kwamba ni mradi wa serikali ya jiji, tena wa kubomoa, kuchimba na kujenga huku maduka ya pande zote mbili yakiendelea kuuza, hiyo ni kasi ambayo wasimamizi wengi wa miradi huisikia kwenye masimulizi tu.

Kisa hiki husimuliwa sana kama habari za meya shupavu aliyethubutu. Sikatai ushupavu. Ila kila nikikirudia naona bosi wa kweli wa mradi ule ilikuwa kalenda. Meya Lee Myung-bak, aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni ya ujenzi ya Hyundai, aliingia ofisini 1 Julai 2002 kwa kipindi cha miaka 4. Kazi ilianza siku ya kutimiza mwaka wake wa kwanza na ikafunguliwa akiwa bado na miezi 9 mkononi. Kilichoweza kuenea ndani ya muda huo kilifanyika, na kilifanyika vizuri. Kisichoenea kilipunguzwa, au kikasukumiwa watu watakaokuja baadaye.

Kutofanya kitu nako kulikuwa na bei

Cheonggyecheon ni mto mdogo unaokatiza jiji la kale kutoka magharibi kwenda mashariki, na maji yake huishia kwenye mto mkubwa wa Han. Enzi za ufalme wa Joseon ulikuwa ndio mtaro mkuu wa jiji. Mwaka 1760 mfalme Yeongjo aliamuru uchimbwe na kuzolewa mchanga, kazi iliyokusanya watu wengi mno. Baada ya vita vya Korea kingo zake zilijaa vibanda vya wakimbizi na maji yakawa maji taka. Kuanzia 1958 jiji likaufunika kwa zege na kupitisha barabara juu yake, na mwaka 1967 likaanza kujenga barabara ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwa wakati wake ilikuwa fahari.

Kufikia miaka ya 1990 fahari ile ilikuwa imeanza kula kutu. Nondo zilikuwa zimeoza, zege linabanduka, na tangu 1997 magari mazito yalizuiwa kupita juu. Jiji lilikuwa tayari limepanga ukarabati mkubwa.

Jambo hilo huonekana dogo, lakini bila hilo sidhani kama mradi ungepita. Hoja nyingi nzuri za mipango miji hufa mezani kwa sababu wajumbe wanalinganisha gharama kubwa ya kufanya na sifuri ya kutofanya. Hapa hapakuwa na sifuri. Barabara ilikuwa lazima igharimu fedha kwa njia moja au nyingine, na lazima ifungwe kwa muda kwa njia moja au nyingine. Swali likawa dogo na la haki zaidi: fedha za mabomba ya oksijeni za mgonjwa huyu tuzitoe kila baada ya miaka kadhaa, au tumzike mara moja?

Wazo lenyewe halikuwa la Lee. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Yonsei walikuwa wakilizungumza kabla yake, wengi wakiwachukulia kama watu wa ndoto. Yeye alilichukua akaliweka kwenye kampeni ya 2002, likawa mjadala wa uchaguzi wenyewe. Aliposhinda alikuwa na kitu ambacho mkurugenzi wa idara hawezi kukipata hata aandike ripoti 10: ridhaa. Kila aliyepinga baadaye alijibiwa kwamba wapiga kura walishaulizwa.

Meza tatu

Mradi uligawiwa meza tatu. Makao makuu ya mradi, ndani ya serikali ya jiji, yalishika utekelezaji. Kituo cha utafiti, chini ya Taasisi ya Maendeleo ya Seoul, kilifanya hesabu za maji, foleni na ardhi. Kamati ya Wananchi, yenye wataalamu na wawakilishi wa asasi, ilipewa kazi ya kutoa maoni na kupima mipango. Kwenye karatasi ni mpangilio mzuri: mmoja anatenda, mmoja anapima, mmoja anauliza.

Tatizo ni kwamba mmoja tu kati ya hao watatu ndiye aliyekuwa na tarehe ya kufikia. Wengine wawili walikuwa na maswali. Na ukitaka kujua nani ana nguvu kwenye mradi, achana na mchoro wa muundo. Tazama nani anaweza kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa. Kamati haikuweza.

Zabuni nazo zilifungwa kwa namna hiyohiyo. Mto uligawanywa vipande vitatu, kila kipande kikapewa mkandarasi wake kwa mkataba wa kusanifu na kujenga kwa pamoja, na vyote vitatu vikaanza kwa mpigo. Waliowahi kufanya kazi chini ya mikataba ya aina hii wanajua ladha yake. Unaokoa miezi mingi, kwa sababu husubiri mchoro wa mwisho ndipo utangaze zabuni. Mchoro wa juu unakamilishwa huku wa chini umeshageuka zege. Lakini mwenye hoja inayohitaji muda wa kutafakari, mwanahistoria kwa mfano, au mtaalamu wa samaki, anafika mezani akakuta msingi umeshamwagwa. Hakuna aliyemkatalia. Amechelewa tu.

Magari 168,000

Hofu kubwa ya watu ilikuwa foleni. Barabara ya chini na ya juu kwa pamoja zilibeba takriban magari 168,000 kwa siku, sehemu kubwa yakipita tu bila kuwa na shughuli pale. Ukiondoa njia kubwa kama hiyo katikati ya jiji, mtu yeyote mwenye akili timamu angetarajia jiji lisimame.

Halikusimama. Wenye magari wengine walibadili njia, wengine saa, wengine wakaacha gari nyumbani. Wahandisi wa usafiri wameliona jambo hili kwenye miji mingine pia: magari si maji yenye ujazo usiobadilika. Ila jiji halikutegemea bahati. Tarehe 1 Julai 2004, mwaka mmoja kamili tangu ubomoaji uanze, lilibadili mfumo mzima wa mabasi. Njia za mabasi zikawekwa katikati ya barabara kuu, mabasi yakapakwa rangi kulingana na aina ya safari, nauli ya basi na ya treni ya chini ya ardhi ikaunganishwa na kuhesabiwa kwa umbali kupitia kadi moja. Kampuni binafsi zikaendelea kumiliki mabasi, lakini ratiba na njia zikawa mkononi mwa jiji.

Siku za kwanza zilikuwa vurugu. Mashine za kadi ziligoma, abiria hawakujua namba mpya, na kwenye njia za katikati mabasi yalipanga mstari nyuma ya mengine kama mabehewa. Meya alisimama hadharani akaomba radhi. Hakurudisha mfumo wa zamani. Akarekebisha, na baada ya muda watu wakauzoea kiasi kwamba leo ukiuliza Seoul inasifiwa kwa nini katika usafiri, mabasi yale hutajwa mapema.

Kwangu hapo ndipo uongozi wa mradi huu ulipokuwa bora kuliko popote. Miradi miwili ya idara tofauti, yenye bajeti tofauti na maadui tofauti, ilifungwa kwenye kamba moja kwa sababu mmoja usingesimama bila mwingine. Mara nyingi jiji hubomoa kwanza, kisha linaunda kikosi kazi cha kufikiria mabasi.

Mikutano 4,000 na walioachwa nje ya mikutano

Pembeni mwa mto palikuwa na maelfu kwa maelfu ya biashara ndogo. Hesabu inayotajwa sana ni maduka takriban 60,000 katika eneo zima. Vifaa vya umeme, bawaba, mashine za cherehani, viatu, vitambaa, vyuma chakavu. Mtu alikuwa akisema hapo ukizunguka siku nzima unaweza kununua vipande vya kutengenezea nyambizi, na ulikuwa utani wenye ukweli ndani yake. Biashara za namna hii hutegemeana. Fundi wa kukereza chuma yupo hatua 20 kutoka kwa muuza nondo, naye yupo jirani na mwenye mkokoteni. Ukimhamisha mmoja umehamisha duka; ukihamisha mtaa umeua mtandao.

Jiji lilifanya nao mikutano na mazungumzo zaidi ya 4,000. Sijui mradi mwingine wenye hesabu ya kukaribia hiyo, na nasema kwa heshima: maofisa walitembea duka hadi duka. Wenye maduka walichotaka hakikuwa falsafa. Walitaka mahali pa kushushia mzigo, vumbi na kelele vipungue, mteja aweze kufika, na kama biashara ikifa, mahali pa kwenda. Wakapata baadhi. Njia mbili za magari zilibakizwa kila upande wa mto pamoja na nafasi za kushusha mizigo. Barabara ya juu haikupigwa kwa nyundo kubwa kila mahali. Sehemu nyingi ilikatwa kwa misumeno, vipande vikanyanyuliwa na kupelekwa kusagwa kwingine. Mikopo ya masharti nafuu ikatolewa. Na wale watakaotaka kuhama wakaahidiwa soko jipya la kisasa.

Hesabu ya mikutano lakini ina kasoro ambayo kila msimamizi wa mradi anapaswa kuichunguza kwenye ripoti yake mwenyewe: inahesabu waliokuwa na mlango wa kubishia. Kando ya barabara ile walikuwapo wachuuzi wapatao 1,500, wenye meza, turubai na toroli, wasio na mkataba wa pango wala leseni. Kisheria hawakuwepo. Huwezi kumfidia mtu asiyekuwepo, na huwezi kumwandika kwenye orodha ya wadau bila kukiri kwamba kwa miaka mingi ulikuwa unamwona. Mwisho wa Novemba 2003 jiji lilituma watu wengi kuwaondoa kwa nguvu. Mapambano yakatokea barabarani.

Baadaye, mapema 2004, mamia yao waliruhusiwa kuhamia ndani ya uwanja wa zamani wa michezo wa Dongdaemun. Wakapanga meza pale palipokuwa panachezwa mpira, soko likachangamka, wageni wakaanza kulijia. Kisha uwanja ukavunjwa kati ya 2007 na 2008 kupisha jengo kubwa la usanifu lililofunguliwa 2014, kazi ya Zaha Hadid. Wachuuzi wakahamishwa tena, safari hii mtaa wa Sinseol-dong. Meya aliyewaambia waende uwanjani na meya aliyewatoa uwanjani si mtu mmoja. Aliyehamishwa mara mbili ndiye yuleyule.

Soko jipya la wenye maduka nalo lina hadithi yake. Liliitwa Garden Five, likajengwa wilaya ya Songpa, ng'ambo ya mto Han. Lilifunguliwa 2010. Kufikia hapo bei za fremu zilikuwa zimepanda mbali sana na zile wafanyabiashara walizotajiwa wakati wa kukubali, na wengi hawakwenda. Waliokwenda wakakuta korido ndefu zenye taa nyingi na wateja wachache. Lee alikuwa ameshakuwa rais wa nchi tangu Februari 2008.

Hapa sisemi kulikuwa na ulaghai. Nasema ahadi ilikuwa na tarehe ya kuiva miaka 4 baada ya aliyeahidi kuondoka ofisini, na hakuna mkataba uliomlazimisha anayekuja kuilipa kwa bei ileile. Msimamizi mzoefu akiona ahadi ya aina hiyo kwenye jedwali la mradi huiandika kwenye safu ya hatari. Pale iliandikwa kwenye safu ya mafanikio.

Mawe yaliyowekwa kichwa chini

Chini ya zege palikuwa na daraja liitwalo Gwangtonggyo. Lilijengwa kwa mawe mwaka 1410, na mawe yenyewe yalitolewa kwenye kaburi la malkia Sindeok, mama wa kambo wa mfalme Taejong, mtu ambaye mfalme hakumpenda. Ukisogea karibu na nguzo za pembeni utaona michongo mizuri ya mawingu na miungu, baadhi ikiwa imewekwa kichwa chini. Wapo wanaosema ni kisasi cha kusudi, kwamba watu wamkanyage kila siku.

Wanahistoria walitaka daraja libaki lilipokuwa. Wahandisi walitaka magari yapite hapo. Kalenda iliamua: daraja lilijengwa upya takriban mita 150 kutoka mahali pake, kuelekea chanzo cha mto, na pale lilipokuwa pakapita barabara. Wakati wa mabishano ya urithi, baadhi ya wajumbe wa Kamati ya Wananchi walijiuzulu. Nimesema kamati haikuwa na uwezo wa kusimamisha kazi. Kujiuzulu ndiyo breki pekee waliyokuwa nayo, na breki hiyo husimamisha anayeikanyaga tu.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Gharama ilifika zaidi kidogo ya won bilioni 380 (won ni fedha ya Korea), juu ya makadirio ya awali, nyongeza ambayo kwa miradi ya ukubwa huo si ya kutisha. Rushwa haikukosekana: Mei 2005, miezi 5 kabla ya ufunguzi, makamu meya aliyekuwa ameongoza mradi alikamatwa kwa kupokea fedha za mwekezaji aliyetaka kuruhusiwa kujenga jengo refu zaidi pembeni mwa mto, na baadaye akahukumiwa. Inafaa kutazamwa rushwa ilikaa wapi. Haikukaa kwenye zege, ambako wakaguzi wengi huelekeza tochi. Ilikaa kwenye thamani ya ardhi ambayo zege lilikuwa linaizalisha.

Mto wa bomba

Maji yanayotiririka pale hayatoki mlimani. Sehemu ya juu ya mto wa asili hukauka muda mwingi wa mwaka, na kurudisha vijito vyote vinavyoulisha kungehitaji kufumua jiji lote la kale. Suluhisho lilikuwa pampu. Kila siku takriban tani 120,000 za maji hupandishwa, nyingi kutoka mto Han na nyingine kutoka maji ya ardhini yanayokusanywa kwenye stesheni za treni, kisha hutolewa juu ili yashuke kwa raha. Bili ya umeme haina likizo. Mvua kubwa ikinyesha, milango kwenye kuta hufunguka, maji machafu ya mitaro huingia mtoni, na watu hutolewa kingo zote.

Wanamazingira waliuita bomba la maji lililolazwa chini. Ni maneno makali, ila mtu aliyekaa pale Agosti hatayakubali kirahisi. Vipimo vilivyofanywa baada ya ufunguzi vilionyesha joto kando ya mto likiwa chini kwa nyuzi kadhaa kuliko kwenye barabara sambamba ya jirani. Samaki na ndege wamerudi, ingawa si bila msaada wa binadamu. Watu hufika kwa makumi ya maelfu kila siku. Nguzo tatu za barabara ya zamani ziliachwa zimesimama katikati ya maji, vichwa vimekatwa na nondo zimechomoza, ili watoto waulize ni nini.

Nimewahi kubishana na wenzangu kama Lee angefanya vizuri zaidi akiwa na miaka 8. Mimi nasema asingefanya kabisa. Miaka 8 ingempa kila mpinzani muda wa kujipanga na kila idara muda wa kuandika barua. Tarehe kali ndiyo iliyolazimisha idara ya barabara, ya maji, ya mabasi na ya masoko kukaa chumba kimoja. Tarehe hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wachuuzi kuwa kikwazo cha ratiba badala ya kuwa sehemu ya mradi. Sijaona namna ya kuchukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili kwa kutamani tu. Ingewezekana kwa kitu kimoja kikavu: kuyatoa yale yasiyoenea kwenye kipindi cha meya, yaani makazi mapya ya biashara, urithi na vyanzo vya maji, na kuyapa chombo chake, fungu lake la fedha na sheria yake, kabla msumeno wa kwanza haujawashwa.

Mwaka 2012 meya mpya, Park Won-soon, aliunda kamati ya kutazama upya kazi iliyofanywa, akisema wazi kwamba ilifanywa kwa haraka na historia ikasahauliwa. Moja ya mambo yaliyorudi mezani lilikuwa daraja jingine la mawe, Supyogyo, ambalo zamani lilitumika pamoja na nguzo yenye alama za kupimia kina cha maji. Liling'olewa mto ulipofunikwa, likapelekwa kwenye bustani ya Jangchungdan kusubiri. Wakati wa kulirudisha ulipofika halikuenea, kwa kuwa mto mpya ulikuwa umeshachorwa mwembamba kuliko daraja lake. Mahali pake pakawekwa jingine, na lile la mawe bado liko bustanini.